Gari Likiingia Majini: Dakika Moja ya Kuokoa Maisha

Haya ni mazungumzo ya afisa wa uokoaji kwa wakaazi, madereva wa magari ya abiria na ya binafsi, na wahudumu wa tuktuk na bodaboda wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Mwenye nakala hii amsomee na jirani yake.

Najua kila saa ambayo gari limeegeshwa ni pesa inayopotea, kwa hivyo sitazunguka. Nimekuja kusema jambo moja: gari likitumbukia majini mkiwa ndani, mnatoka vipi?

Huenda mtu akauliza, mbona jambo hili liletwe kwetu na si kwa watu wa Nairobi? Jibu mnalijua. Sisi wakaazi wa bara ya Mombasa hatuendi kokote bila kupita juu ya maji. Mtu wa Likoni anavuka kwa feri. Mtu wa Kisauni anapita daraja la Nyali kuingia kisiwani, na daraja la Mtwapa akielekea Kilifi. Mtu wa Changamwe anapita Makupa, na siku hizi anaweza kushika barabara ya Dongo Kundu hadi kusini, nayo pia imepita juu ya maji ya ghuba. Mvua za masika zikishuka, hata barabara ya mtaani inageuka mto. Maji ni jirani yetu, na jirani ni lazima umjue tabia zake.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019. Jioni ile gari dogo lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee, katikati ya mlango wa bahari wa Likoni, likaanguka majini. Ndani yake mlikuwa na mama na binti yake wa miaka minne. Watu waliokuwa kwenye feri waliona kwa macho yao. Gari lilielea kwa muda mfupi, kisha likazama. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji na wenzao walitafuta siku baada ya siku, na ni tarehe 11 Oktoba ndipo gari lilipotolewa, likiwa lilikuwa chini kiasi cha mita 58. Nchi nzima ilikuwa na familia ile katika kilio. Desemba ya mwaka huohuo gari jingine likaingia majini hapohapo kivukoni, na dereva wake akafariki.

Sikutaja mambo haya ili kumlaumu marehemu yeyote. Aliyekuwa ndani ya gari lile hakuwa amefundishwa na mtu, kama ambavyo wengi wetu hapa hatujafundishwa. Nimeyataja kwa sababu yanatufunza jambo moja zito. Kivukoni pale palikuwa na mamia ya watu, palikuwa na feri, palikuwa na simu za kila aina. Lakini gari likishaingia majini, muda uliopo ni mfupi kuliko muda wa mtu yeyote wa nje kukufikia. Msaada wa nje huja, na sisi tutakuja mbio, lakini dakika ya kwanza ni yako wewe uliye ndani. Ndiyo maana lazima uijue kabla haijafika.

Tuanze na tabia ya gari majini.

Gari haliendi chini kama jiwe. Lina hewa ndani, kwa hivyo huelea kwanza. Yuko mtaalamu wa Canada, Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitumbukiza magari majini yakiwa na watu waliojitolea, wapiga mbizi wakiwa tayari kando, ili aone kinachotokea. Alichokiona ni kwamba gari huelea kati ya nusu dakika na dakika mbili. Kwa hesabu ya usalama, weka akilini dakika moja. Katika dakika hiyo maji yako chini ya dirisha, na dirisha bado linaweza kufunguka.

Dakika hiyo ikipita, mambo hubadilika. Magari mengi yana injini mbele, na injini ni nzito, kwa hivyo pua ya gari hutangulia chini na nyuma huinuka. Maji hupanda juu ya kioo cha dirisha la mbele. Kioo kikishasukumwa na maji kutoka nje, hubanwa kwenye fremu na kukataa kushuka, hata kama umeme wa gari bado unafanya kazi.

Sasa mlango. Karibu kila mtu ukimuuliza atafanya nini, atasema, "Nitafungua mlango." Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua mlango wenye upana wa mita moja. Maji yakifika nusu mita tu juu ya ukingo wake wa chini, yanausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 125 hivi. Hiyo ni magunia mawili na nusu ya saruji yameegemea mlango wako. Yakifika mita moja, nguvu hiyo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne: kilo 500, magunia kumi. Hakuna bega la kusukuma mzigo huo ukiwa umeketi kitini.

Na hata ukibahatika kuufungua mapema kabla maji hayajapanda, maji yataingia kwa wingi mara moja na gari litazama katika sekunde chache, pamoja na wale walio kiti cha nyuma ambao hawajajifungua. Wewe umetoka, mtoto amebaki. Kwa hivyo tuondoe neno mlango kichwani. Njia ni dirisha.

Nataka mkumbuke maneno manne. Yahesabuni kwa vidole: MSHIPI, DIRISHA, WATOTO, NJE. Tuseme pamoja. Mshipi, dirisha, watoto, nje. Mara nyingine. Vizuri. Sasa tulichambue neno moja moja.

La kwanza, mshipi. Gari likiwa linaanguka, mshipi wa usalama ndio utakaokuzuia usigonge kichwa na kuzimia, kwa hivyo usiufungue ukiwa bado hewani. Shika usukani kwa mikono miwili. Gari likishagusa maji na kutulia, fungua mshipi wako mara moja. Wa kwako kwanza, mzazi. Najua moyo wa mzazi utamkimbilia mtoto, lakini mzazi aliyefungwa kitini hawezi kumsaidia yeyote.

La pili, dirisha. Papo hapo, shusha kioo cha pembeni. Kama ni cha umeme, bonyeza. Umeme wa gari kwa kawaida haukatiki maji yakigusa tu, unaendelea kwa muda kidogo, na muda huo ndio wa kuutumia. Usianze kutafuta simu. Usipige simu kwanza. Kumpigia mtu na kumweleza ulipo kunakula dakika yako yote, na ukikata simu maji yako shingoni. Simu utapiga ukiwa nje, au atapiga mwingine.

Kioo kikikataa, kivunje. Hapa sikilizeni vizuri, kwa maana kuna vioo vya aina mbili. Kioo kikubwa cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati. Ukikipiga kitafanya nyufa kama utando wa buibui lakini hakitaanguka. Usipoteze nguvu hapo. Vioo vya pembeni na cha nyuma, katika magari mengi tunayoendesha, ni vya aina nyingine: vikipigwa na kitu kigumu chenye ncha, hupasuka vyote mara moja vikawa chembechembe. Piga kwenye kona, karibu na ukingo, si katikati. Katikati kioo hunepa na kuirudisha nguvu yako.

Ngumi haitoshi. Kiwiko hakitoshi. Kinachofaa ni nyundo ndogo ya dharura yenye ncha ya chuma, au kifaa kidogo chenye springi kinachosukuma ncha kikibanwa kwenye kioo. Vyote vinauzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari na si ghali. Vingine vina kiwembe kilichofichwa ndani cha kukatia mshipi uliokwama. Lakini kifaa hicho kikiwa ndani ya buti, chini ya gurudumu la akiba, ni sawa na kutokuwa nacho. Kiwe mahali mkono wako unafika ukiwa umefungwa mshipi, na kifungwe vizuri kisirushwe gari likigonga. Chuma za kiegemeo cha kichwa zinaweza kujaribiwa ikiwa huna kingine, lakini katika magari mengi kiegemeo hakitoki kirahisi, kwa hivyo usikifanye ndiyo mpango wako.

Mambo mawili zaidi kuhusu vioo. Moja, baadhi ya magari mapya yana vioo vya pembeni vya tabaka mbili kama kile cha mbele, na nyundo haivivunji. Tazama alama iliyochapwa kwenye kona ya kila kioo cha gari lako, au muulize fundi wa vioo, ujue leo ni kipi kitavunjika. La pili linawahusu ndugu zangu wa matatu. Mnapenda kupamba, na mimi sipingi mapambo. Lakini ile karatasi ya giza na vile vibandiko mnavyobandika kwenye vioo hushika chembe za kioo pamoja. Kioo kitapasuka lakini kitabaki kimesimama, na itabidi mtu akisukume nje kwa miguu huku maji yanaingia. Kama ni lazima mpambe, acheni angalau vioo vya kutokea vikiwa wazi.

La tatu, watoto. Wakati kioo kinashuka, geukia watoto. Anza kumfungua mkubwa, kwa sababu mkubwa akiwa huru anaweza kukusaidia na kujisogeza mwenyewe. Kisha wadogo. Watoto watangulie kutoka, si kukufuata nyuma. Wakati mtu anapita dirishani, maji huanza kuingia kwa nguvu, na mtoto mdogo hawezi kushindana na maji yanayoingia. Msukume mkubwa nje kupitia dirisha, mwambie ashike paa la gari. Mdogo kabisa, yule wa kubebwa, mshike mwenyewe kifuani na utoke naye.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: watoto watatu nyuma, mimi peke yangu mbele, nitawezaje? Mama, swali lako ndilo la maana kuliko yote. Jibu ni kwamba utaweza ikiwa wao pia wanajua. Wafundishe nyumbani kufungua mshipi wao wenyewe gizani, macho yamefumbwa, kama mchezo. Mtoto wa miaka sita anaweza kujifunza. Mweleze ukisema neno "dirisha" kwa sauti, kila mtu anafungua mshipi na kusogea kwenye dirisha lililo wazi. Kiti cha mtoto mchanga jizoeze kukifungua kwa mkono mmoja. Na ujue kwamba milango ya nyuma ina kufuli ya watoto isiyofunguka kwa ndani, na katika magari mengine kuna kitufe cha dereva kinachozuia madirisha ya nyuma yasishuke. Kabla ya kukaribia kivuko, kitufe hicho kiachie.

La nne, nje. Toka kupitia dirisha, kichwa kwanza, uso ukitazama juu au pembeni, shika paa ujivute. Usibebe kitu. Pochi, laptopu, mzigo wa biashara, yote yana bei. Wewe huna bei. Ukishatoka, usirudi.

Sasa nitajibu lile ambalo najua linawasumbua: je, ikiwa dakika ile imepita, gari limezama na maji yanajaa? Huo ni wakati mgumu na sitawadanganya kuwa ni rahisi. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa kwenye akili ni bora kuliko kutapatapa ovyo. Hewa iliyobaki itakuwa sehemu ya juu, na kwa kawaida upande wa nyuma. Endelea kujaribu kuvunja kioo cha pembeni au cha nyuma. Gari likijaa kabisa, maji ya ndani na ya nje husukumana sawa, na hapo mlango ambao haukufunguka unaweza kufunguka. Vuta pumzi ya mwisho, shika kitasa, kanyaga mlango kwa miguu. Ukitoka na huoni juu ni wapi, fuata povu, maana povu hupanda. Lakini tafadhali, huo usiwe mpango. Wapo wanaofundishana kwamba ungoje gari lijae ndipo ufungue mlango. Kungoja huko ndiko kunakoua. Mpango ni dakika ya kwanza.

Tuje kwenye feri, maana hapo ndipo hatari yetu ya kila siku ilipo, na hapo tunaweza kufanya kazi yote kabla ya hatari.

Unapongoja kuingia, shusha vioo vya mbele na vya nyuma vyote. Joto la Mombasa lenyewe linakuruhusu. Acha milango bila kufungwa kwa kufuli. Ukishaegesha pale ulipoelekezwa, zima injini, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, na uache gari kwenye gia. Kama ni la otomatiki, weka gia ya kuegesha. Usitegemee breki ya mkono peke yake ikiwa unajua kamba yake imelegea. Fundi wa kurekebisha breki hamalizi asubuhi nzima, na gharama yake hailingani na roho. Kisha fungua mshipi, wewe na watoto, kwa kuwa gari limesimama na mshipi hauna kazi tena. Wahudumu wakikuambia ushuke usimame pembeni, shuka. Wakikuambia usiwashe injini mpaka feri ifunge gati, tii. Ukiwa gari la mwisho nyuma, karibu na ngazi ya feri, mambo haya yafanye mara mbili. Na unapoteremka ule mteremko wa kuingilia, teremka polepole, gari moja baada ya jingine, bila kusukumana kwa honi.

Wenye tuktuk, ninyi hamna vioo vya kuvunja, lakini chombo chenu hupinduka haraka na turubai zile za mvua hugeuka mtego. Mkiwa juu ya feri, kunjeni turubai zote juu na mfungue vile vyuma vya kuzuia upande mmoja. Wa bodaboda, shukeni, simameni kando ya pikipiki, na yule abiria asibaki juu yake akichezea simu.

Wa matatu na mabasi, ninyi mmebeba watu wa wengine. Makanga, wewe ndiye nahodha wa madirisha. Ujue ni dirisha lipi ni la dharura na linafunguka vipi, na lisiwe limepigiliwa misumari au kufungwa kwa waya. Nyundo ya dharura isiwe imeibiwa na nafasi yake kubaki tupu. Kile kiti cha kukunja kwenye njia ya katikati, na mizigo mnayopanga mlangoni, jiulizeni: watu kumi na wanne watapita hapo kwa dakika moja?

Sasa barabara zilizofurika. Masika yakianza, kati ya Machi na Mei, na vuli yakija mwishoni mwa mwaka, mitaro yetu huzidiwa na maji hukata barabara. Mtu anayaona, anasema, "Nayajua haya, napita hapa kila siku." Maji yanayokwenda hayajali ukongwe wako wa mtaani. Maji ya kina cha sentimita 30, yaani rula moja ya shule, yanaweza kuanza kuelea na kusogeza gari dogo. Ya sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, hata yale makubwa tunayoyaamini. Na mtu kwa miguu huangushwa na maji ya kasi yanayofika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Halafu chini ya maji hayo huoni kama barabara bado ipo au imeshachimbwa.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba waimbaji wa kwaya wakielekea harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika huko Mwingi, Kaunti ya Kitui. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Lilipinduka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 9 Aprili 2024, basi jingine lilinaswa na mafuriko karibu na Madogo, upande wa Tana River, njia ya Garissa. Abiria walipanda juu ya paa, na zaidi ya 50 wakaokolewa kwa mashua. Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, usiingie. La pili, kama umeshaingia na gari limezimika katikati, usikae ndani ukingoja lisukumwe. Tokeni kupitia madirisha, pandeni juu ya paa, mngoje hapo. Paa ni bora kuliko ndani, na ni bora kuliko kujitupa kwenye mkondo ambao huujui.

Na hapa abiria ana sauti. Dereva akitaka kuvuka maji yanayokwenda kasi, mwambieni ateremshe watu kwanza. Mseme wote kwa pamoja. Nauli ya kurudi nyuma tutailipa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Ukishatoka garini, bado uko majini. Watu wa pwani tunajua kuna bamvua na kuna maji mafu, kuna saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Katika mlango wa Kilindini mkondo una nguvu, hasa siku za bamvua, na maji yakipwa yanakuvuta kuelekea bahari kuu. Usipigane nao uso kwa uso. Lala chali, elea, vuta pumzi, kata mkondo polepole kwa upande kuelekea ufuoni au kwenye kitu kinachoelea. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha, pwani hii ilijifunza kwa uchungu kwamba kuishi kando ya bahari si kujua kuogelea. Wazazi, wafundisheni watoto, wa kiume na wa kike, angalau kuelea. Tunao ufuo bure, na tunao wavuvi na wazee wanaojua. Mtoto afundishwe na mtu mzima kando yake, mahali pa maji madogo, si kwa kutupwa.

Na wewe uliye nchi kavu ukaona gari limeanguka? Piga kelele neno moja: "Dirisha! Dirisha!" Aliye ndani ameshtuka, huenda sauti yako ndiyo itakayomwamsha. Mwambie mtu mmoja kwa kumwonyesha kidole apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Usipomtaja mtu, kila mmoja atadhani mwingine amepiga. Itwe mashua iliyo karibu. Tupa kitu kinachoelea: boya, gurudumu, mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko na kufungwa kamba. Usiruke majini bila kamba na bila kitu cha kuelea, kwa maana mtu anayezama hushika chochote na kukizamisha. Tukifika tunataka kuokoa mmoja, si wawili. Kumbuka pia mahali hasa gari lilipozama. Angalia alama mbili za nchi kavu zilizonyooka na pale, kama wafanyavyo wavuvi. Hilo litasaidia wapiga mbizi kuliko video ya simu.

Mtu akitolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo kutoa maji. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mzibe pua, mmpulizie pumzi kati ya mbili na tano kwa mdomo. Asiposhtuka, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi mbili, mkiendelea kupokezana mpaka wahudumu wa afya wafike. Hata akizinduka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, kwa sababu maji kwenye mapafu huweza kumrudia baada ya saa kadhaa.

Nimemaliza. Nina ombi moja kabla hamjarudi kazini. Leo jioni, kabla ya kulala, ingia kwenye gari lako au gari unalopanda kila siku. Funga mshipi. Fumba macho. Taja yale maneno manne na uguse kila kitu kwa mkono: mshipi uko hapa, kitufe cha dirisha kiko hapa, nyundo iko hapa, mtoto yuko hapa. Fanya mara tatu. Haichukui hata dakika tano. Mkono uliozoea haungoji akili itulie, na siku ya maji akili haitatulia.

Mshipi, dirisha, watoto, nje. Mwambie na mwenzako.